Kifurushi cha Wiki ni Shilingi Ngapi?

Swali hilo ndilo la kwanza ukurasa wangu kuulizwa na mtu ambaye si mimi. Aliuliza binti wa kidato cha pili, amesimama nyuma ya wenzake wanne waliobanana kwenye kompyuta moja. Juu ya skrini nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa, tena kwa fahari: "Tafuta vifurushi". Akasoma, akanigeukia. "Fundi, cha wiki ni shilingi ngapi?" Wenzake hawakucheka. Nao walikuwa wanasubiri jibu.

Mimi ni fundi kompyuta, Kirua Vunjo, Kilimanjaro. Kibanda changu kiko kando ya barabara inayopanda kutoka Uchira, katikati ya duka la mbolea na mama anayeuza mtori. Simu ndizo zinazonilisha: kioo, chaja, mfumo wa kuchaji ulioingia maji ya mvua. Kompyuta za shule ni kazi ya pili, inalipa kidogo na kwa kuchelewa, lakini ndiyo ninayoipenda. Nyingi ni mtumba uliotumika maofisini Ulaya, umefika Moshi mjini ukiwa hauna betri na kibodi imefutika herufi. Naziwekea mfumo endeshi wa Debian, kwa sababu haudai hela ya leseni na unakwenda hata kwenye mashine yenye RAM ya giga mbili.

Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ina vifurushi zaidi ya 64,000. Hakuna shule huku mlimani yenye bando la kuchezea kiasi hicho. Kwa hiyo nakwenda Moshi usiku, kwa rafiki yangu mwenye intaneti ya waya, napakua vile vinavyofaa shuleni, narudi na hadidiski kwenye begi, nimeifunga kwa sweta isigongwe na bodaboda. Shuleni naimwaga kwenye seva ndogo ndani ya maabara ya kompyuta. Baada ya hapo mwalimu au mwanafunzi anafungua ukurasa, anatafuta programu, anaiweka kwenye mashine yake bila senti ya bando. Kwenye seva ya sasa zipo 412.

Kushoto mwa ukurasa kuna visanduku vya kuweka tiki, vya kupunguza orodha: somo, ngazi, malipo, hali ya programu. Hivyo visanduku ndivyo nataka kuvieleza. Watu wanaonitembelea, hata wenye elimu ya kompyuta kunishinda, wanaangalia seva, wanaangalia nyaya, wanauliza umeme ukikatika inakuwaje. Hakuna anayeuliza kuhusu maneno ya visanduku. Seva niliimaliza kwa siku tatu. Maneno ya visanduku hayafiki hata ishirini, na naingia nayo mwaka wa tatu.

Nianze na hicho kifurushi. Ukitafsiri "package" ya Kiingereza kwa kamusi, hujakosea: ni vitu vilivyofungwa pamoja, unavibeba kwa mkupuo. Lakini Tanzania neno hilo limeshanunuliwa na kampuni za simu. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotangazwa, nchi nzima ilipiga kelele hadi zikasitishwa, na hakuna hata mmoja aliyedhani tunazungumzia mizigo ya posta. Neno likishapata mwenyewe wa namna hiyo, wewe fundi wa Kirua huwezi kumnyang'anya kwa kuandika herufi kubwa. Nikafuta, nikaandika "programu". Mjuzi atasema si kila kifurushi ni programu, vingine ni fonti, vingine ni data tu za kutumiwa na vingine. Ni kweli. Huyo mjuzi hajawahi kuulizwa cha wiki ni shilingi ngapi.

Kilichofuata sikukiona hata kidogo kikija. Juu ya visanduku niliandika "Chuja". Neno zuri, fupi, la Kiswahili. Baada ya wiki mbili mwalimu wa michezo, ambaye ndiye mlezi wa klabu ya kompyuta, aliniambia kwa upole kwamba programu za Kiswahili kwenye seva yangu hazipo. Zilikuwepo. Nikamwomba anioneshe anavyotafuta. Akaenda kwenye "Chuja", akaona kisanduku cha "Kiswahili", akakiruka kwa uangalifu. Nikamuuliza mbona hakigusi. "Si nitakuwa nimezichuja?"

Nilibaki nimeduwaa. Kwake yeye, aliyechujwa ametolewa. Timu ikichujwa imerudi nyumbani. Mgombea akichujwa kwenye kura za maoni anabaki kulalamika kijiweni. Angetaka programu za Kiswahili zibaki, asingethubutu kuzitia tiki chini ya neno hilo.

Jumapili ile nikapita kwa shangazi. Alikuwa uani anachuja mbege, jungu limeinama, kimiminika cha ndizi kinapita kwenye chujio kuingia ndoo ya chini, kabla ya kutiwa ulezi. Nikamuuliza, "Shangazi, ukichuja hapo unabaki na nini?" Akaniangalia kama nimeanza kuchanganyikiwa. "Na mbege. Au wewe utakunywa machicha?" Kwake yeye, kilichochujwa ndicho kinachonyweka. Kwa mwalimu wa michezo, kilichochujwa ndicho kilichotupwa. Na fundi magari wa pale Himo ninayechukua kwake betri za zamani akaniongezea la tatu: filta ya oili kazi yake ni kushika uchafu, kinachobaki humo ndani ndicho unachokwenda kutupa. Watu watatu, wote wako sahihi, na wote wangebonyeza kisanduku kilekile wakitegemea matokeo tofauti.

Tangu hapo sijaandika "chuja" tena. Kila kisanduku kinaanza na kitenzi kinachosema macho yataona nini: "Onesha za Kiswahili tu". "Ficha zinazohitaji intaneti". Ni maneno marefu, yanabana skrini, kwenye mashine za kioo kidogo yanavunjika mistari miwili na kuwa na sura mbaya. Yaache yavunjike.

Sasa lebo iliyonigharimu kuliko zote. Katika orodha nyingi za programu duniani kuna kisanduku cha kubakiza zile ambazo mwenyewe hajazitelekeza. Bado anaziba matundu, bado anajibu anayemwandikia. Kwa Kiingereza huandikwa "maintained". Kwangu ndicho kisanduku muhimu kuliko vyote, kwa sababu programu iliyoachwa ni kama nyumba ya kihamba, yaani ya shamba la ukoo, ambayo wenyewe wamehamia Dar: leo imesimama, ukirudi mwakani mchwa wako darini. Nikaandika "Yenye matengenezo", na pembeni ya kila programu inayostahili nikaweka alama ndogo ya kijani yenye maneno hayohayo.

Ilikuwa masika. Mwalimu wa biashara akanipigia: programu ya hesabu za duka imegoma kwenye mashine zote. Bodaboda iliteleza kwenye kona, nikamalizia kwa miguu, viatu vimebeba kilo mbili za udongo. Nafika, nakuta ameweka programu ambayo mara ya mwisho kuguswa na mtengenezaji wake ni zaidi ya miaka kumi nyuma. Kulikuwa na tatu nzuri za kazi hiyohiyo, zote zina alama ya kijani. Nikamuuliza mbona alizipita. Akanijibu kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto: "Fundi, zile umeziandika zina matengenezo. Ukienda kutoa hela ukakuta mashine ya benki imeandikwa iko kwenye matengenezo, unaingiza kadi?"

Siingizi. Na wewe huingizi.

Yule mwalimu alisoma lebo yangu vizuri kabisa. Alisoma kila neno, akazitafuta kwa makini zile ambazo hazina matengenezo, na umakini wake ndio uliomponza. Nilikuwa nimemwekea kibao kinachomtoa kwenye barabara nzuri na kumpeleka korongoni, tena kwa rangi ya kijani.

Nikajaribu mengine. "Inatunzwa": mwanafunzi akauliza inatunzwa na nani, kama vile programu ni yatima. "Inaendelezwa": mwalimu wa kike wa Jiografia akasema basi atasubiri ikamilike, kwa sababu jengo likiwa linaendelezwa halina bati. Kisha nikaona nimepata jibu, nikaandika "Programu hai". Jamani. Sisi tuko Moshi Vijijini, jirani yetu upande wa magharibi ni wilaya ya Hai. Kijana wa kwanza kuisoma akauliza kama hizo zimetoka Machame. Alikuwa hatanii. Ukiwa Mtwara pengine lebo hiyo ingepita bila mtu kuishangaa, huku kwetu haipiti.

Kilichofanya kazi hakikuwa neno bali tarehe. Sasa pembeni ya kila programu pameandikwa "Imerekebishwa mara ya mwisho: 2024", au 2013, au vyovyote ilivyo, na kisanduku kinasema "Onesha zilizorekebishwa ndani ya miaka 2 iliyopita". Mwaka haumwombi mtu aniamini. Mama anayenunua dawa ya kunyunyizia kahawa anajua kugeuza chupa na kusoma mwaka, hata kama hayo maandishi mengine ya Kichina hayamhusu.

Kuhusu malipo, hapo Kiswahili kilinipa raha kwanza, kikanipiga baadaye. Wenzetu wa Kiingereza wana neno moja, "free", linalobeba cha kutolipia na kilicho huru, na tangu Richard Stallman aanzishe harakati za programu huru miaka ya 1980 wameandika makala zisizohesabika kueleza ni maana ipi wanayokusudia. Sisi tuna mawili, bure na huru, yametenganishwa tangu enzi. Nikasema hapa angalau nimepona. Nikaweka visanduku viwili: "Za bure" na "Za huru".

Mkuu wa shule moja aliniita ofisini. Shikamoo, marahaba, kaa. Akaniambia kwa heshima zote kwamba anajua bajeti ni ndogo, lakini asingependa watoto wake wawekewe vitu vya bure. Hakumaanisha vya kutolipia. Alimaanisha vya bure kama tunavyosema mtu bure, kazi bure, umekuja bure. Na "huru" hakuielewa kabisa: huru kutoka kwa nani? Nikaeleza habari ya leseni, nikaharibu zaidi, kwa sababu leseni kwake ni karatasi inayoning'inizwa ukutani dukani na kukaguliwa na watu wa serikali. Akauliza kama shule inahitaji kuikata kila mwaka.

Mtu wa mjini anaweza kuona haya ni mabishano ya maneno tu. Kwangu mimi yana gharama. Kompyuta hizi za mtumba nyingi zina kadi za Wi-Fi zisizowaka bila faili ndogo ambayo mtengenezaji wa kadi haruhusu watu waifungue na kuibadili. Si huru. Lakini hailipiwi hata senti. Zamani faili hizo hazikuwemo kwenye diski rasmi ya kuwekea Debian, na nililazimika kutembea nazo kwenye flashi kama mganga na tunguri zake. Wanachama wa Debian walipiga kura 2022, na kuanzia toleo la 12 zimo, zimewekwa kwenye fungu lake lenyewe. Sasa niambie: mwalimu akiona fungu limeandikwa si huru, akafikiri ni la kulipia, akaliruka, maabara nzima inakaa bila Wi-Fi muhula mzima. Limetokea hilo, si mara moja. Leo visanduku vyangu vinasema "Hailipiwi" na "Unaruhusiwa kuwanakilia wengine". Mkuu yule akavisoma, akasema mbona sikuandika hivyo tangu mwanzo.

"Usalama" niliigusa siku moja tu. Nilitaka kisanduku cha programu ambazo matundu yake huzibwa haraka yakigundulika. Nikaandika "Zenye usalama". Mzee mmoja mjumbe wa bodi akauliza, nusu kwa utani nusu kwa kutotania, usalama wameingiaje humu. Nikaifuta mbele yake. "Ulinzi" nayo ikaleta habari za mlinzi na rungu lake getini. Sasa nimeiacha tarehe ya marekebisho ifanye kazi hiyo pia.

Kila Desemba mpwa wangu anayetengeneza programu Dar anapanda kwetu kula Krismasi. Mwaka juzi alikaa kibandani kwangu, akaangalia ukurasa, akacheka hadi machozi. "Anko, unajitesa. Weka Kiingereza tu, watu wameshazoea." Wengi wanafikiri hivyo, nami nilikuwa nimechoka, nikakubali tujaribu. Tulichukua maneno sita ya Kiingereza, tukayapeleka kwa vijana wa kidato cha tatu waliokuwa wanasoma twisheni ya likizo kwenye darasa jirani. Hawa wanafundishwa karibu masomo yote kwa Kiingereza. "Maintained" wengi walisema ni programu za main, yaani zile kuu. "License" walijua, ya udereva. "Stable" mmoja akasema ni banda la farasi, na alikuwa sahihi, amelisoma kwenye Literature. Neno lililoeleweka na wote lilikuwa "games". Mpwa akanyamaza kidogo, akaniagizia soda.

Lakini asinielewe mtu vibaya kwamba Kiswahili kitupu ndiyo dawa. Kisanduku cha somo nilikiandika "Kemia", "Fizikia", "Baiolojia", na walimu wa sekondari wakawa hawaoni programu yoyote ya kwao. Hawatafuti Kemia. Ratiba ukutani imeandikwa Chemistry, daftari limeandikwa Chemistry, mtihani unakuja na jina hilo. Kalzium, programu nzuri kabisa ya jedwali la elementi, ilikaa miezi bila kuguswa na mtu anayefundisha elementi kila wiki. Shule ya msingi mambo ni kinyume: huko ni Hisabati na Sayansi. Kwa hiyo sasa kisanduku kinafuata mlango uliopo. Neno sahihi ni lile lililoandikwa kwenye ratiba ya ukutani ya shule husika, hata kama kamusi inasikitika.

Na ngazi. Niliweka "Awali", "Kati", "Juu", nikijua kila mtu ataelewa kwamba awali ni kwa anayeanza kujifunza. Mwalimu anayefundisha vijana wakubwa kuandika programu kwa mara ya kwanza hakuigusa hata siku moja, kwa sababu darasa la awali ni watoto wa miaka mitano na vikaragosi. Lakini walimu wa chekechea ya jirani, waliokuwa wanakuja Jumamosi kutumia maabara, walikuwa wanaifungua kwa furaha na kukuta vitabu vya kujifunzia Python. Walinivumilia muda mrefu. Nikaja kugundua kwa bahati, nilipomsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba labda watoto wa siku hizi ndivyo wanavyofundishwa.

Hilo ndilo ambalo mtu wa nje halioni, na ningeomba alione hata kama hatashika jingine. Lebo mbovu hailalamikiwi. Miaka yote hii hakuna aliyekuja kuniambia, fundi, neno lako halieleweki. Wanasema mtandao mbovu. Wanasema mashine imeharibika. Mara nyingi zaidi wanasema, kwa sauti ya chini, "Mimi mambo ya kompyuta siyawezi." Mwanamke aliyefundisha watoto kusoma kwa miaka ishirini anasoma maneno yangu mawili, hayampeleki anakotaka, na anajilaumu yeye. Anaondoka. Kwenye kumbukumbu za seva linabaki tendo moja la kutafuta lisilo na kupakua, na mimi nikiwa na uvivu nahesabu kuwa ametembelea.

Kwa hiyo sasa sisubiri malalamiko. Naandika lebo kwenye vipande vya boksi la sabuni, moja moja, naenda nazo kijiwe cha bodaboda. Simuulizi mtu kama ameielewa. Kila mtu atasema ameielewa, hatutaki kumwaibisha mwenzetu. Namuuliza, "Ukibonyeza hiki, utaona nini?" Kisha nanyamaza. Hapo ndipo ukweli unapotoka. Wengine wanaanza kueleza kwa uhakika jambo ambalo sijawahi kulifikiria. Nina mfuko mzima wa vipande vilivyofeli. Kimoja kimeandikwa "Mengineyo", niliyokuwa nimeweka kwa programu zisizo na fungu. Dereva mmoja akasema hapo utaona ugomvi. Ni kweli, kwenye kikao chochote cha kijiji ajenda ya mengineyo ndipo watu wanapotoana jasho. Na ukweli wa fungu hilo ni kwamba nilitupia humo kila nilichoshindwa kufikiria. Zilikuwa programu zaidi ya tisini. Nilizitoa zote, nikakaa nazo jioni nne, na fungu lile sasa halipo.

Tatizo kubwa la mwisho halikuwa neno. Kompyuta moja inatumiwa na watu kumi kwa siku. Wa kwanza anaweka tiki kwenye "Onesha za shule ya msingi tu", anamaliza, anaondoka. Tiki inabaki. Anayefuata anatafuta Stellarium, ile ya kutazama nyota, aliyoifungua jana tu, haipo. Nilishaitwa mara tatu kurudisha programu ambazo hazikuwa zimekwenda popote. Wanafunzi wakawa na imani kwamba seva inakula programu usiku.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyefanya kazi ujana wake kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa Moshi. Alikuja kutengenezewa redio, akaniona napanga vipande vyangu vya boksi, akauliza ni mchezo gani. Nikamweleza: watu wana orodha ndefu, wanataka kubaki na fupi. "Basi ni machekecheo," akasema. Akachukua kalamu yangu, akachora kwenye boksi matundu makubwa juu, madogo chini. Kahawa inamwagwa, punje kubwa zinabaki juu, hizo ni AA. Zinazofuata A, kisha B, chini C. Zile za duara zinazokua moja moja ndani ya tunda badala ya mbili zina gunia lake, PB. Nikamuuliza hizo herufi wakulima walizielewaje. Akasema hawakuzielewa, walizijua kwa bei.

Kisha akauliza swali ambalo nililichukua kama lilivyo. "Na hizo zilizobaki umeziweka wapi?"

Nikasema zimefichwa. Akatikisa kichwa. Kiwandani, alisema, jioni magunia yote yanapimwa. Kilo zilizoingia asubuhi lazima zionekane zote, za kila daraja, hata makapi. Gunia likipungua, mtu anaulizwa. Haiwezekani umwoneshe mkulima AA yake halafu unyamaze kuhusu nyingine, atajua umemwibia.

Nikakaa usiku ule, nikaongeza mstari mmoja juu ya orodha. Sasa kila mtu akifungua ukurasa anasoma kitu kama: "Unaona 37 kati ya 412. Zilizofichwa ni 375, kwa sababu umechagua: shule ya msingi tu. Bonyeza hapa uone zote." Magunia yote yamepimwa. Redio ya mzee sikumtoza.

Wiki iliyopita, saa nne asubuhi, mvua inanyesha, simu ikaita. Ni yule mwalimu wa biashara. "Fundi, mfumo wako hauna kitu. Mweupe kabisa." Nilishaanza kutafuta viatu vya mvua, nikakumbuka. "Mwalimu, nisomee mstari wa juu unasemaje." Kimya. Nikamsikia anasoma taratibu, akimung'unya: "Unaona sifuri kati ya... zilizofichwa... kwa sababu umechagua..." Kimya tena. "Aa. Kuna mtu aliacha tiki. Ngoja." Akakata. Nikarudi kukaa. Safari ile ningemdai elfu kumi na nauli juu yake.

Nilikuwa sijamaliza kufungua kioo cha simu iliyokuwa mezani, akapiga tena. Programu ameipata, ya mwaka huu, hailipiwi. Ila chini yake pameandikwa "Tegemezi: 14".

"Sasa fundi," akasema, "hawa tegemezi wanalishwa na nani, shule?"

Nikachukua kipande cha boksi.